Ukisikia jeshi la watu laki moja, uliza unga wao uko wapi

Hapa Mtama, mkoani Lindi, vijana wa kijiweni kwetu wanapenda kubishana juu ya vita vya nje. Mmoja anataja idadi ya wanajeshi wa nchi hii, mwenzake anataja ya nchi ile, na mwenye idadi kubwa ndiye anayepewa ushindi. Wadogo zangu, nimeshika funguo za stoo ya chakula jeshini miaka tisa. Nawaomba muache kuhesabu vita namna hiyo.

Kwenye karatasi kombania yetu ilikuwa na watu zaidi ya mia. Idadi ya kweli niliijua mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa napima unga. Toa walio likizo, walio kozini, wenye malaria, wapishi, madereva, walinzi wa lango, na sisi wa stoo. Wanaobaki kushika bunduki ni kama nusu. Na hapo tulikuwa kwenye amani.

Vita vikirefuka inaingia hesabu ya zamu. Askari akikaa mstari wa mbele miezi na miezi, anasinzia lindoni, anaugua, anaacha kujali. Ndiyo maana wanajeshi hukadiria vikosi vitatu ili kimoja kiwe mbele: cha pili kimerudi kupumzika na kujaza nafasi za waliokufa, cha tatu kinafanya mazoezi ya kwenda kupokea. Laki moja imeshakuwa elfu thelathini na kitu, na wapishi bado hujawatoa. Mkubwa anaweza kuwapeleka wote kwa mpigo. Wakichoka, nani atawapokea?

Msiende mbali kutafuta ushahidi. Mahiwa ipo jirani yetu hapa. Oktoba 1917, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani na Waingereza walipigana pale siku nne, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishinda. Lakini alitumia risasi ambazo hakuwa na pa kuzipata tena. Mwezi uliofuata, kwenye uwanda wa Makonde, alilipunguza jeshi lake kwa mkono wake mwenyewe mpaka bunduki kama 2,000. Aliacha wagonjwa, na pamoja nao akaacha askari wazima wenye uwezo wa kupigana, wachukuliwe mateka, kwa sababu risasi na kwinini, dawa ya malaria, zisingewatosha. Ndipo akavuka Ruvuma. Kila nikifikiria hao wazima walioachwa naumia.

Waingereza walikuwa na watu wengi zaidi, na bado waliteseka. Kikosi chao kimoja kutoka Afrika Kusini kilianza mwaka 1916 na watu zaidi ya 1,100. Kufika Oktoba wenye afya walikuwa 116. Malaria na kuhara viliwamaliza. Mbung'o nao waliua farasi na nyumbu, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Hebu piga hesabu: mpagazi amebeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku. Mwendo wa siku kumi kwenda na kumi kurudi umekula kilo 20. Kwa askari zinafika tano. Ukisogea mbele siku tatu zaidi, hakifiki kitu. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walipita 90,000, wengi kwa maradhi na njaa, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, kwa Kiingereza Carrier Corps.

Kwa hiyo ukitaka kufuatilia vita, acha kwanza idadi ya askari. Fungua ramani utafute reli, daraja, bandari, kisha uulize kikosi kilichopo mbele kimekaa tangu lini.

Mnakumbuka Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar kule Kilwa? Malori yalilala njiani siku kadhaa, na wenye haraka wakazungukia Songea. Barabara moja tu hiyo, na hakuna aliyekuwa anatupiga risasi.