Patasi inayonoleka upande

Ndugu, kama makali yanatoka mshazari kila ukinoa, kosa si jiwe, mkono unayumba. Huna haja ya kununua kishikio cha dukani cha kushikilia patasi kwa pembe moja; tengeneza chako.

Tafuta kipande cha mbao ngumu, mninga unafaa, ukikate mteremko: kwa kila sentimita 10 za kitako, kinyanyuke sentimita 4.7. Hapo umepata nyuzi 25. Kwa kazi ya mvule au kugonga sana kwa nyundo, nyanyua 5.8, yaani nyuzi 30. Laza patasi juu ya mteremko, mgongo (upande bapa, usio na mshazari wa makali) juu, ncha itokeze mbele kidogo. Ibane kwa ubao mwembamba na boliti mbili. Hakikisha imekaa mraba kwa pembemraba, kile kipimo cha nyuzi 90, kabla ya kukaza. Hapa ndipo wengi wanaharakisha.

Gundisha msasa kwenye kioo kinene: namba 220, 400, kisha 1000. Sukuma kishikio chote juu ya kioo. Ukihisi kinyuzi cha chuma mgongoni kwa upana wote, geuza patasi, lainisha mgongo ukiwa bapa kabisa.

Pengo kubwa lipeleke kwa fundi mwenye grainda. Chuma kikigeuka buluu kwa joto la grainda, ugumu umepotea. Makali yajaribu kwenye karatasi, si kidoleni.