Mkuu, hiyo S10 usiilipie kabla hujaiona ikiwa na chaji chini ya asilimia 40

Acha kwanza. Usitume hata hela ya kishika uchumba.

Umeandika una laki nne na nusu. Winga wa Kariakoo, yaani dalali wa simu, amekutumia picha za Galaxy S10 iliyotumika, "ya Dubai, safi kama imetoka leo", na upande wa pili kuna Galaxy A16 mpya dukani kwa bei inayokaribiana. Umeuliza ipi ina umbo zuri, ipi inatunza chaji, kamera ipi kali na rangi gani haionyeshi alama za vidole. Halafu ukamalizia: "ila moyo uko kwa S10, kile kioo cha kupinda kimeniua." Hapo ndipo nilipoacha kula. Kioo hichohicho na maneno hayohayo ya winga ndivyo vilivyoondoka na hela yangu, na sioni sababu ya kukaa kimya yako nayo ikifuata.

Hesabu ambayo winga hatakufanyia ni hii. S10 ilitoka 2019 na betri ya mAh 3,400 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). A16 ilitoka mwishoni mwa 2024 na betri ya mAh 5,000. Unene wa S10 ni milimita 7.8, wa A16 ni 7.9. Soma tena hapo. Ule wembamba unaokutoa roho ni milimita sifuri nukta moja. Kinachokufanya uione nyembamba ni zile kingo zilizopinda kuelekea nyuma. Geuza mAh kuwa nishati kwa kuzidisha na volti za betri, ambazo kwa simu hizi ni kama 3.85, kisha gawa kwa 1,000: S10 unapata saa-wati 13, A16 unapata 19. Ni kweli kioo cha A16 ni kikubwa, inchi 6.7 kwa 6.1, nacho kinakula zaidi. Lakini hakimalizi pengo la saa-wati sita. Na hapo tunahesabu kana kwamba zote mbili ni mpya.

Si mpya. Betri ya lithiamu inahesabiwa umri kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 uliyotumia, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya ujazo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya umeweka kima cha chini cha mizunguko 800 kwa simu zinazoingia soko lao tangu 20 Juni 2025. Sasa chukua simu ya 2019 inayomaliza mzunguko mmoja kwa siku nyingi za mwaka, tuseme siku 300. Miaka mitano tu ni mizunguko 1,500. Kwa hiyo betri ya hiyo S10 ama imechoka, ama imeshabadilishwa. Hakuna la tatu. Winga akikuambia "betri ni ile ile ya kiwandani na iko vizuri", ndani ya sentensi moja amekutajia mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja.

Tuseme imebadilishwa. Swali ni nani ameibadilisha, na kwa betri gani. Kufungua S10 si kazi ya bisibisi na kucha. Mgongo ni kioo kilichogandishwa kwa gundi pande zote. Unapashwa moto taratibu mpaka gundi ilainike, unavutwa kwa kinyonyeo, kadi ya plastiki inapitishwa pembeni milimita kwa milimita. Ukikosa subira kioo kinapasuka kwenye kona, maana kona zimepinda na hapo ndipo nguvu inapokusanyika. Chini yake kuna koili ya kuchaji bila waya na kifuniko chenye skrubu nyingi, halafu ndiyo betri, nayo imeshikwa na gundi kali ndani ya fremu. Fundi mzuri anadondosha spiriti safi chini yake, anangoja dakika kadhaa, anaichokonoa kwa plastiki. Fundi mwenye haraka anachukua chuma, na chuma kikitoboa betri ya lithiamu ni moto mezani. Mbele ya betri, kwa upande wa pili wa fremu, kipo kile kioo ulichokipenda. Akibinya vibaya kinatoka mstari wa kijani au wa zambarau, na kioo cha kupinda cha S10 kwa kawaida kinabadilishwa pamoja na fremu yake. Uliza bei ya kioo hicho kabla hujauliza bei ya simu. Kinaweza kula nusu ya hela uliyonunulia.

Na hata fundi akifanya vizuri, ile sifa ya kuzuia maji ya IP68 imeondoka siku mgongo ulipofunguliwa, labda awe ameweka gundi mpya ya saizi yake kuzunguka nzima. Wengi wanapaka gundi ya chupa mstari mmoja wanafunga. Kwa hiyo usije ukaizamisha kwenye beseni kumwonyesha mtu.

Betri yenyewe je? Karatasi ya juu inachapishwa chochote. Utaona betri ya saizi ileile kabisa imeandikwa mAh 4,500. Nishati inataka nafasi na uzito. Haiongezeki kwa wino. Kama siku moja utabadilishiwa betri, omba ile ya zamani, zipime zote mbili kwenye mizani ya sonara. Mpya ikiwa nyepesi sana kuliko ya zamani ya saizi hiyohiyo, umeuziwa karatasi.

Sasa nifike pale panapoliza watu, na ndipo nataka usome polepole. Kosa kubwa ni kuipima simu ikiwa imejaa.

Simu ya mtumba utaikuta dukani iko asilimia 100, au iko kwenye chaja na winga anaichomoa mbele yako kwa mbwembwe. Unaifungua, unapiga picha mbili, unacheza video dakika tano, inasoma 99. Unaona betri ni chuma. Hujapima kitu. Betri iliyochoka huwa na ukinzani mkubwa wa ndani, yaani yenyewe inauzuia umeme wake kutoka. Ikiwa imejaa, volti ziko juu, zaidi ya 4.2, kwa hiyo hata zikishuka simu inapofanya kazi nzito bado zinatosha. Ikifika chini, volti za utulivu ni kama 3.7. Hapo ukiwasha kamera na flashi, ukinzani ule ule unazivuta zikaenda chini ya kiwango ambacho simu inakihitaji, nayo inajizima papo hapo huku ikisoma asilimia 25. Ukiichomeka kwenye chaja inawaka na kusoma 22. Huo ndio ugonjwa ambao hauonekani hata chembe simu ikiwa 100, na winga anaujua vizuri kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana chaja yake haibanduki.

Maneno yake ndiyo yenye chaji ya siku mbili. "Betri ni Good, angalia mwenyewe kwenye Samsung Members." Hiyo ni programu ya Samsung ya kukagua simu, na neno moja halikuambii ni asilimia ngapi iliyobaki. "Dubai hawatumii simu sana." Joto la Dubai peke yake linatosha kuzeesha betri, simu iliyoshinda juu ya dashibodi ya gari imezeeka hata kama haikupigiwa mtu. "Ukiona tatizo rudi, mimi niko hapa hapa." Winga hana duka. Ana kona ya kusimama, na kona haitoi risiti. Nina hasira na hawa watu kwa sababu hawadanganyi kwa kutojua. Wanajua asilimia 40 iko wapi na wanahakikisha hufiki.

Kwa hiyo kanuni ni hiyo moja, na ukisahau mengine yote usisahau hii: usilipe kabla simu haijafanya kazi nusu saa mikononi mwako ikiwa chini ya asilimia 40, bila chaja.

Fanya hivi. Mpigie siku moja kabla, umwambie asiichaji, unaitaka ikiwa 40 au 35. Akikataa, jibu umeshalipata bila nauli. Ukifika, weka laini yako, washa data, mwanga wa kioo peleka mwisho. Piga *#0228#, kwenye Samsung nyingi inafungua ukurasa wa betri wenye volti. Andika namba. Kwenye 40 tarajia kitu cha 3.7 na ushee. Kisha fungua kamera, rekodi video ya ubora wa juu kabisa dakika kumi, piga picha kama kumi na tano za flashi mfululizo, halafu cheza video ya mtandaoni dakika kumi na tano. Rudi kwenye ukurasa ule haraka kabla simu haijapumzika. Kushuka kidogo ni kawaida. Zikienda chini ya 3.5 wakati bado inasoma 30, weka mezani uondoke. Asilimia zikiruka, mfano kutoka 34 mpaka 28 bila kupita katikati, ondoka. Ikizima, usikubali maneno ya "programu tu hiyo, tutaiflashi". Kuflashi ni kuipakia simu programu upya, hakurudishi betri.

Wakati inafanya kazi, gusa mgongo. Vuguvugu karibu na kamera ni prosesa inafanya kazi, sawa. Moto katikati, pale betri ilipolala, si sawa. Kisha ilaze kifudifudi juu ya kioo cha kabati, maana ukiilaza chali kamera zitaifanya icheze na utalaumu betri bure. Angalia mstari kati ya mgongo na fremu kwa usawa wa jicho. Ukiona mwanya unaopitisha hata karatasi, au mgongo umeinuka katikati, betri imevimba au gundi ni ya chupa. Vyote viwili ni sababu ya kurudi nyumbani na hela yako.

Kuhusu kile kioo cha kupinda, kwa kuwa ndicho kilichokuua. Protekta ya kawaida haikai juu yake, kingo zinabanduka. Ile ya kioo kinene inasumbua alama ya kidole, kwa sababu S10 inasoma kidole kwa mawimbi ya sauti kupitia kioo na hewa ikibaki katikati haisomi. Inabidi ile ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya zambarau, na mtu wa mkono mzito akiimwaga inaingia kwenye spika ya sikioni na vitufe vya pembeni. Simu ikianguka kwa ubavu, kingo za kioo ndizo zinazotangulia chini. A16 ina kioo bapa na mgongo wa plastiki. Najua plastiki haina hadhi kwenye picha. Ila plastiki haipasuki kirahisi ikiangushwa kwenye vigae, na kioo bapa kinakaa ndani ya kava linaloinuka kidogo pembeni kikapona.

Umbo na betri, mkuu, umeuliza kama maswali mawili, na kwa simu ni jambo moja. Milimita wanazopunguza mara nyingi zinatoka kwenye betri. Tazama S25 Edge ya 2025: unene milimita 5.8, betri mAh 3,900, wakati S25 Ultra ya mwaka uleule ina 5,000. Tazama nyuma zaidi. S5 ya 2014 ilikuwa ya plastiki, betri 2,800 unayoitoa kwa kucha. S6 ya 2015 ikaja na kioo mbele na nyuma, ikapendeza, betri ikawa 2,550 na imefungwa ndani. Uzuri huo unalipiwa mara mbili: siku ya kwanza kwa mAh, na siku ya kubadilisha betri kwa roho ya mgongo na kioo.

Ukiwa bado unatafuta na unataka namba isiyotoka mdomoni mwa muuzaji, simu zinazouzwa Ulaya tangu hiyo 20 Juni 2025 zina lebo ya nishati. Inataja saa na dakika inazokaa kwa chaji moja, mizunguko ambayo betri inavumilia, daraja la kuvumilia kuanguka na daraja la urahisi wa kutengenezwa. Lebo hizo ziko wazi kwenye hifadhidata ya Umoja wa Ulaya iitwayo EPREL. Unatafuta kwa jina la modeli. Hakikisha tu modeli iliyoandikwa kwenye boksi ni ileile, herufi kwa herufi, maana simu ya jina moja inaweza kutoka na chipu tofauti kwa masoko tofauti.

A16 nayo usiibebe ikiwa imefungwa. Fungua boksi dukani, piga *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wakujibu ni ya simu gani. Iwashe uone ina asilimia ngapi. Simu mpya hutoka kiwandani na chaji nusu hivi. Ukikuta imekufa kabisa mpaka ichomekwe robo saa ndipo iwake, imekaa stoo muda mrefu na betri imeshuka mno, omba boksi lingine.

Na kama pamoja na haya yote moyo bado uko kwa S10, mwambie winga akutane nawe saa nne asubuhi. Ukiikuta iko 100, washa tochi, weka mwanga mwisho, cheza video, muwe mnaiangalia wote wawili mezani kwa mama ntilie hadi ifike 40. Itachukua saa kadhaa. Akisema hana muda, rudisha laini yako mfukoni ulipie chai.