Akusativu ya Kijerumani: usiitupe Kiswahili cha Kidato cha Tatu

Tangu niandike hapa kwamba nimepita B1, mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya kati, swali ni lilo hilo: dada, akusativu, ile hali ya nomino inayotendwa, uliipitaje? Muuguzi mmoja wa Kayole ameniuliza hata kama anaweza kuiruka. Huwezi, mpenzi. Lakini pia si zimwi.

Mimi nilianzia darasa la jioni huku mjini, pahali nisipotaka kupataja. Mwalimu alijaza ubao jedwali la der, die, das, vile vijineno vinavyotangulia nomino, akasema tukariri. Nikauliza maana yake. Akanijibu mbele ya darasa zima kuwa Kijerumani si cha kila mtu. Karo nilikuwa nishalipa, nikanyamaza. Lakini liliniuma, na leo cheti kikiwa mkononi bado linaniuma.

Jibu lilinijia ndani ya matatu ya Rongai, foleni imekwama Lang'ata Road. Mnayakumbuka yale maswali ya KCSE ya kipozi, kitondo na ala? "Muuguzi amempa mgonjwa dawa." Dawa ni kipozi, yaani kitendwa chenyewe; mgonjwa ni kitondo, yaani anayetendewa. Kijerumani nacho kipozi hukitia akusativu, kitondo dativu. Nilicheka peke yangu, kondakta akanitazama.

Tofauti iko kwenye alama. Sisi tukisema "Mbwa amemuuma mwalimu" kisha tukibadilisha nafasi, mwalimu ndiye anayeuma. Mjerumani aseme Der Hund beißt den Lehrer au Den Lehrer beißt der Hund, aliyeumwa ni mwalimu tu, kwa sababu den imeshamfichua. Tena zinazobadilika ni nomino za kiume katika umoja: der huwa den, ein huwa einen. Die na das hazitikisiki. Jedwali lote lile la kututisha!

Wenzangu wa wodini, chungeni helfen. Sisi husema "namsaidia mgonjwa", ukadhani ni kipozi, kumbe wao wanataka dativu: Ich helfe dem Patienten. Danken (kushukuru) vilevile. Fragen (kuuliza) sasa ni akusativu: Ich frage den Arzt, namuuliza daktari. Hapo kipozi chetu hakikuokoi, kariri tu. Kariri pia vihusishi durch (kupitia), für (kwa ajili ya), gegen (dhidi ya), ohne (bila) na um (kuzunguka). Hizo hudai akusativu hata pasipo mtendwa yeyote. Na sein (kuwa) haina kipozi kabisa: Das ist der Arzt, huyu ni daktari.

Nawaambia ukweli, wengi wenu mnapenda mkato. Mnanunua "majibu" ya mtihani kwenye makundi ya WhatsApp, halafu mbele ya mtahini mnameza mate. Kiswahili mlikiona somo la kujazia gredi. Rudini mkisome! Someni sarufi, rudieni, someni tena.

Wewe wa Kayole, anza na haben (kuwa na), brauchen (kuhitaji) na suchen (kutafuta). Ich brauche einen Termin, nahitaji miadi. Ich suche den Schlüssel, natafuta ufunguo. Andika zako kumi usiku huu unitumie nisahihishe. Kwa maandishi, tafadhali. Jumbe za sauti za dakika sita sisikilizi.