Mashudu Yako Bado Yana Mafuta

SWALI: Shikamoo mama. Nina mashine mbili za kukamua alizeti hapa Singida mjini. Bei ilipokuwa nzuri nilipanua banda, sasa mafuta hayatoki. Mawese ya nje yanayopitia Dar es Salaam yanafika madukani kwa bei ambayo nikiuza mimi silipi hata umeme. Mwenzangu ananishawishi tukope tununue mtambo wa kusafisha, mafuta yetu yawe meupe kama ya viwanda vikubwa. Hapo ndipo tutashindana nao? Na kwa nini serikali isiyafungie tu hayo ya nje?
*Mkamuaji, Singida*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikope kwanza. Nenda bandani mashine ikiwa inafanya kazi, chota mashudu, yaani makapi ya alizeti iliyokamuliwa, yanayotoka sasa hivi, yaache yapoe kidogo, uyafinye kiganjani kwa nguvu zako zote, kisha uyaweke juu ya karatasi nyeupe. Doa likitanda kwenye karatasi, hayo ni mafuta uliyomlipa mkulima, nawe unayauza kwa bei ya chakula cha ng'ombe.

Tupige hesabu. Kilo 100 za alizeti zinakuachia mashudu kilo 70 hivi. Mashine iliyochoka inaweza kuacha humo mafuta asilimia 12, na nyingine zaidi. Iliyotunzwa inashuka mpaka 7. Tofauti yake ni kilo tatu na nusu, karibu lita 4. Kwa tani moja, hayo ni madumu mawili ya lita 20 kasoro kidogo, na bado hujagusa bei ya mtu yeyote. Anayekuja na lori kununua mashudu yako analijua hilo vizuri kuliko wewe. Kiwanda chenye mtambo wa kutoa mafuta kwa kemikali kinayakamata yaliyobaki mpaka ibaki kama asilimia 1, halafu makapi bado yanauzwa kwa wafugaji.

Sasa mafuta yanabaki kwa nini? Mara nyingi ni mchanga. Alizeti inaanikwa chini, inapigwa chini, inafagiliwa pamoja na vumbi lake, na vumbi hilo ndilo linalokula skrubu inayokandamiza mbegu na nondo za kizimba kinachoizunguka hadi nafasi inapanuka na mgandamizo unakufa. Weka chekeche na sumaku mdomoni mwa mashine. Skrubu iliyolika inachomelewa chuma kigumu na kuchongwa upya. Ulizia SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mkoani wakuelekeze kwa fundi anayeijua kazi hiyo, maana kuna mafundi wanaorundika tu chuma na kukuharibia kabisa. Pia angalia unyevu: asilimia 6 hadi 8 ndiyo hukamulika vizuri. Mbegu mbichi hutoka kama uji, na iliyokauka kupita kiasi husagika unga na kuziba. Asubuhi za baridi ipashe moto kabla ya kuiingiza.

Upande wa mkulima, Record ni mbegu ya zamani na ganda lake ni nene, kwa hiyo unalipia ganda kwa kilo. Chotara kama Hysun 33 hufika mafuta asilimia 40 na kupita, ila mbegu yake ni ghali na haihifadhiwi kwa msimu unaofuata. Ukiwa na wakulima wako wa kudumu, wakopeshe mbegu, wakulipe kwa mavuno. Andikeni mkataba kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Mtambo wa kusafisha unataka mvuke, magadi makali, udongo wa kuondoa rangi, na zaidi ya yote unataka mafuta kila siku. Wewe alizeti yako inavunwa kati ya Mei na Julai, na mwaka ukielekea mwisho banda limeshanyamaza. Riba hainyamazi. Halafu ukishayafanya meupe na yasiyo na harufu, umeyafanya yafanane na mawese, na kwenye mzani wa bei hekta moja ya michikichi iliyotunzwa hutoa mafuta tani 3 au 4, wakati alizeti yetu haifiki hata tani moja. Uza kile ambacho mawese hayana: harufu ya alizeti yenyewe, mafuta ya msimu huu, kutoka Singida. Yatulize kwenye pipa lililofunikwa, yachuje vizuri, yatie kwenye chupa mpya. Zile chupa zinazopangwa kando ya barabara ya Dodoma na jua la saa saba likiziwakia zinachacha kabla msafiri hajafika kwake, na ndizo zinazotuharibia sote jina. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, itafute kwa kupitia SIDO, wajasiriamali wadogo hupata nafuu ya gharama.

Kufungia ya nje? Kuanzia Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi ya ushuru ya asilimia 35 kwa bidhaa inazotaka kuzilinda, mafuta ya kula yakiwemo. Lakini alizeti yetu haitoshi kulisha nchi. Mwaka huohuo Indonesia ilizuia mawese yake yasitoke kwa wiki tatu na ushee, na kila mama ntilie aliliona hilo kwenye karai lake. Viwango hivi huguswa kila bajeti ya Juni. Mkopo wa miaka mitano usiuegemeze juu ya hotuba ya Juni.

SWALI: Natengeneza siagi ya karanga Arusha. Nataka kuivusha Namanga kidogo kidogo. Nahitaji wakala?
*Mama Siagi*

JIBU: Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 humhitaji: kuna cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, unakijaza hapohapo mpakani. Hakikisha tu bidhaa yako imo kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa zinazoruhusiwa kutumia cheti hicho. Alama ya TBS inatambulika Kenya kwa makubaliano ya Jumuiya. Lako kubwa ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu: Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa sababu hiyohiyo, na karanga hushikwa nayo upesi. Chambua kwa mkono punje zilizosinyaa na zenye ukungu kabla ya kukaanga, na upeleke sampuli maabara kila unaponunua mzigo mpya. Majibu yake yabebe pamoja na mzigo.