Ukilipa kuingia jumba la mizimu, fumbua macho

Juzi dada mmoja kaniandikia. Anakuja Orlando Desemba na wanawe wawili, tiketi za Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney, keshakata, na nyumbani maneno yameshaanza: mumewe kasema watoto watapanda kila kitu isipokuwa Haunted Mansion, lile jumba la mizimu, kwa sababu hataki "wafunguliwe milango" asiyojua kuifunga. Akamalizia hivi: "Wewe si ndiye Bi Mizimu mwenyewe? Nipe la kumwambia."

Ndiye mimi. Jina hilo nilipewa na Watanzania wenzangu wa hapa Florida, na halikuanza kama sifa. Niliweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, nimesimama mbele ya jumba lile nikicheka hadi gego, na mama mmoja ninayemheshimu akanijibu kwa sala ndefu ya kuniombea nifunguliwe. Chini yake zikashuka amina moja baada ya nyingine, kutoka kwa watu ambao nimewapikia pilau. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani kuna nini. Siku hizi tunasalimiana, tunachangiana misiba, mambo yamekwisha. Ila walioandika amina nawajua kwa majina.

Basi dada, nakujibu hapa hadharani, maana najua wengi wanaonisoma wana ndoto kama yangu ya kuyatembelea majumba haya yote duniani, na wengi wana mtu nyumbani anayewakunjia uso.

La kwanza na la maana kuliko yote: ukishaingia, fumbua macho. Nimewaona watu wanalipa kiingilio cha kutoa machozi, wanapanga foleni juani, kisha wanakaa kwenye kigari kinachowapitisha ndani, wamejifunika uso hadi mwisho. Wakitoka wanasema inatisha. Wameona nini? Wameona viganja vyao.

Mimi hofu naijua tangu utoto. Nimekulia Tanga, Ngamiani, nyumba ambayo bibi alifukiza udi kila Alhamisi na mtoto hakuruhusiwa kumwaga maji ya moto uani usiku, eti utamuunguza asiyeonekana. Mwaka 1995 habari za Popobawa, jini lililosemwa linavamia watu usiku, zilipovuma Unguja na Pemba, watu wakilala nje makundi makundi, sisi ng'ambo tulifunga madirisha kabla ya magharibi na joto lote lile. Hofu ile haikuwa na kiingilio wala mlango wa kutokea. Hujui aliyeitengeneza, hujui itaisha lini, na ukiuliza unaambiwa nyamaza.

Ndiyo maana jumba la Disney lilinishika. Kila kinachokutisha mle ndani kuna mtu alikikalia kikao.

Jumba la kwanza kabisa liko California, Disneyland. Nje walilimaliza 1963, halafu likakaa tupu. Miaka sita watu wanapita, wanalitazama, ndani hamna kitu. Wajenzi walikuwa wamevutwa kwenda kwenye maonyesho makubwa ya New York ya 1964, na Walt Disney mwenyewe akafariki Desemba 1966 kabla halijafunguliwa. Yeye ndiye aliyekataa jumba bovu lenye mbao zinazoning'inia. Alitaka nje pawe safi, mizimu ijitawalie ndani. Baada ya kufa kwake wabunifu wawili wakabaki wakivutana. Marc Davis, mchoraji wa vichekesho, alitaka watu wacheke. Claude Coats, bingwa wa mandhari, alitaka watu waogope. Hakuna aliyeshinda. Jumba likafunguliwa tarehe 9 Agosti 1969 likiwa na yote mawili: nusu ya mwanzo giza, korido isiyo na mwisho, milango inayovimba kama inapumua, nusu ya pili karamu, makaburi yanayoimba na mzaha mtupu. Sisi ndio tuliofaidi ubishi wao.

Hili la kwetu Florida lilifunguliwa pamoja na bustani yenyewe, tarehe 1 Oktoba 1971. Ukiingia unafungiwa kwenye chumba chenye picha nne ukutani, na chumba kinaanza kurefuka. Picha nazo zinarefuka na kufichua kilichokuwa chini: yule bwana mheshimiwa hana suruali na amesimama juu ya pipa la baruti, yule binti mwenye mwavuli anatembea juu ya kamba, chini yake mamba kaachama. Hapa Florida ni dari ndiyo inayopanda. Kule California chumba chenyewe ni lifti inayoshuka, kwa sababu ilibidi watu wapitishwe chini ya reli ya treni inayozunguka bustani. Ujanja mmoja, sababu mbili. Nilipoyajua haya sikulala, nilikaa hadi usiku wa manane natafuta mengine.

Sasa nikupe ya shangazi yangu, maana ndiye ushahidi wangu.

Shangazi alikuja kututembelea mwaka jana kutoka Tanga. Ana miaka zaidi ya sabini, ushungi wake, tasbihi yake mkononi. Nilipomtajia Haunted Mansion akaniangalia weee. "Mwanangu, mie majini ya Tanga yamenitosha, nikatafute na ya Wazungu?" Nikamwambia, shangazi, ni vioo na taa. Akasema vioo anavyo nyumbani. Lakini mtu wa pwani ukimwambia kitu kipo na wenzake wameshakiona, hatalala. Tukaenda.

Mlangoni alisimama mhudumu na sare yake ya kijani, kanuna. Wahudumu wa mle ruhusa ya kununa wanayo, ni sehemu ya kazi. Shangazi akaninong'oneza: "Huyu naye vipi, kafiwa?" Akasoma audhubillahi, akanishika mkono, tukaingia. Kwenye picha ya yule bwana asiye na suruali alicheka hadi ushungi ukamlegea. Korido ya giza alikaa kimya, vidole vinanikaba. Nikamwambia, fumbua macho, shangazi.

Halafu tukafika ukumbi wa dansi. Vigari vinapita juu, kama kwenye roshani, na chini yako kuna meza ndefu ya karamu, keki yenye mishumaa, na jozi za wanandoa wanazunguka. Unawaona na unaona ukuta nyuma yao, wanapitisha mwanga. Wengi hapa huguta. Shangazi aliinama mbele, akakaza macho, akasema kwa sauti ya mtu aliyekuta hesabu haijakaa sawa: "Mbona wanawake ndio wanaoongoza?"

Jamani. Watu wameandika kurasa na kurasa kuhusu kitu hicho, na yeye alikiona kwa mara moja kutoka kwenye kigari kinachotembea. Usichokijua ni kwamba ujana wake aliucheza Tanga enzi za bendi ya Atomic Jazz, na anajua mkono wa nani unakaa wapi.

Sababu ni hii. Kati yako na ukumbi ule kuna kioo kikubwa mno, safi kiasi kwamba hukioni. Wacheza dansi wenyewe wamefichwa upande usiouona, wamemulikwa taa, na unachokitazama ni taswira yao iliyotua kwenye kioo, ikionekana kana kwamba iko ukumbini. Taa ikizimwa, mzimu unatoweka. Na kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo mkono wa bwana umekaa mahali pa mkono wa bibi. Hila yenyewe ina zaidi ya miaka 160. Mhandisi Henry Dircks ndiye aliyeibuni, na John Henry Pepper akairekebisha na kuionyesha jukwaani London, mkesha wa Krismasi wa 1862. Hadi leo inaitwa mzimu wa Pepper, na Dircks hakulifurahia hilo. Namwelewa.

Nilimweleza shangazi yote haya tukiwa tumekaa kwenye benchi na aiskrimu, kama mwalimu wa sayansi. Akasikiliza, akafuta mdomo, akasema: "Kumbe kioo tu. Haya, turudi."

Kwa hiyo ushauri wa pili: rudi. Mara ya kwanza utashtuka, utakosa nusu ya vitu. Rudi uvione. Mara nyingine tazama upande mmoja tu. Mara nyingine usitazame sana, sikiliza, maana kila kigari kina spika karibu na kichwa chako na sauti ya mzimu mwenyeji wa jumba inakunong'oneza wewe peke yako. Angalia pia kigari chenyewe kinavyokugeuza: hukuchagua kutazama kulia, umegeuzwa, kwa sababu kushoto kuna kitu hawakutaka ukione. Fumbua macho. Narudia, kwa sababu watu hawasikii.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wazee. Mimi nasema lijue wewe kwanza. Tunawalea watoto wetu waogope na wasiulize. Tunawaambia nyamaza, usitaje, utaliita. Kisha wakikua tunashangaa kila tapeli mwenye chetezo na kitambaa chekundu anawamaliza mishahara. Mtoto aliyeonyeshwa kwamba hofu inaweza kutengenezwa kwa kioo na taa, kesho akitishwa atauliza kioo kiko wapi. Wale wa amina wangelijua hilo wangeleta na watoto wao. Lakini wao wanaona afadhali kuniombea mimi.

Nisije nikakudanganya, dada. Kuna chumba kimoja kinachoigiza kuita mizimu, chenye kichwa cha mwanamke ndani ya tufe la kioo kinachosema maneno ya kiganga. Sura ile ni ya Leota Toombs, mfanyakazi wa Disney, walimrekodi akisema wakaimulika juu ya kichwa cha sanamu. Sauti ni ya mwigizaji Eleanor Audley. Hakuna anayeitwa, na hakuna anayekuja ambaye hakufungwa waya. Hata hivyo kama hilo ndilo linalomkera shemeji, ni dini yake na ni watoto wake, usigombane naye safarini. Abaki nje. Hapo nje kuna gari la zamani la kubebea jeneza, hatamu zimekaa sawasawa, farasi hayupo. Watoto wakitoka awaeleze yeye linavutwa na nani.

Kuhusu watoto wenyewe: kimo hakiangaliwi, hata wa mkononi anaingia. Hakuna damu na hakuna mtu anayekurukia. Kinachowaliza ni giza na chumba kinachorefuka mwanzoni, kwa hiyo waambie mapema kuna nini, uwaoneshe hata picha. Wakishafika makaburini watakuwa wanaimba.

Msichanganye jumba hili na yale ya Halloween Horror Nights kule Universal, bustani nyingine ya hapa Orlando, yaliyoanza 1991. Yale unatembea kwa miguu na watu wenye damu bandia wanakurukia kutoka nyuma ya pazia. Wapo wanaoyapenda, siwagombezi. Mimi kukurupushwa sikuhesabu ufundi. Mlango ukipigwa na upepo nakurupuka bure, nyumbani kwangu.

Na yale majumba ya kuhamahama, yanayokuja na maonyesho ya mji kila msimu, tazama mlango wa kutokea kabla hujatazama mzimu. Hapa sitanii. Tarehe 11 Mei 1984 jumba lililoitwa Haunted Castle liliungua kule bustani ya burudani ya Great Adventure, New Jersey, vijana wanane wakafa. Lilikuwa limeungwa kwa matrela, likahesabiwa ni la muda tu, na halikuwa na mfumo wa kunyunyiza maji. Mashine hizo leo utaziona darini ukitazama juu badala ya kutazama simu. Tazama juu.

Mengine nitayaandika kwa kirefu siku nyingine. Phantom Manor ya Paris, ya 1992, ni nzito kuliko zote nilizopanda: bibi harusi, mji wa wachimba madini, na mwisho wake hauna mzaha kama wa kwetu. Mystic Manor ya Hong Kong, ya 2013, haina mizimu kabisa, ina tumbili aliyefungua kisanduku cha muziki asichopaswa kukigusa, na vigari vyake havina reli. Hiyo bado sijaiona, na inaniuma.

Ila kabla ya Hong Kong ni Tokyo, ambako jumba lao lilifunguliwa 1983. Wanaopanga nami wasikate tiketi za Oktoba wala Desemba: tangu Septemba hadi mwanzo wa Januari jumba lile huvalishwa mapambo ya Halloween na Krismasi, na mimi nataka kuliona lilivyo. Nalenga Mei. Shangazi keshaniuliza viza ya Japani inachukua siku ngapi, kwa hiyo anayejua utaratibu kwa mwenye pasipoti ya Tanzania aniandikie.