Bwana Shamba Anajibu: Vipandikizi vya chai vimevimba, mizizi haipo

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina kitalu kidogo cha chai. Safari hii nilinunua unga wa homoni ya mizizi nikachovya vipandikizi vyote, vingine mara mbili ili viwahi kushika. Udongo wa viriba niliuchanganya na majivu kidogo. Sasa nikichomoa naona kinundu cheupe chini, mizizi hakuna. Jirani hatumii unga na vyake vimeshika. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Tukuyu*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na jani. Kipandikizi cha chai ni jani moja, jicho moja na kijiti cha sentimita tatu hivi, na jirani yako anafanikiwa bila unga kwa sababu homoni imo humo humo. Inaitwa oksini. Hutengenezwa kwenye ncha changa na majani, kisha hushuka seli kwa seli. Ulipokata kijiti uliikatia njia, ikajaa pale penye jeraha. Hapo seli za kando ya mirija ya maji na chakula, zilizokuwa zimeshatulia, huanza kugawanyika upya. Zikijipanga sawasawa huwa ncha ya mzizi, nayo hupasua gome ikatoka. Kwa hiyo jani lisinyauke wala kudondoka hata kidogo! Kivuli na nailoni ni kwa ajili yake.

Unga nao ni oksini ya kiwandani, kwa kawaida asilimia 0.1 hadi 0.8, mkali zaidi ukiwa wa vijiti vigumu. Kuzidisha hakuharakishi. Oksini nyingi husaidia kuanzisha mzizi, lakini mzizi huo huo ukitaka kurefuka huhitaji kidogo sana. Ikizidi, seli zake hutoa gesi iitwayo ethilini na mzizi unadumaa. Chovya ncha mara moja, kung'uta, panda.

Halafu kuna homoni ya pili, saitokinini. Mwaka 1957 wanasayansi Skoog na Miller, huko Marekani, walionyesha kwa vipande vya tumbaku kwamba oksini ikiizidi saitokinini kwa mbali hutoka mizizi. Saitokinini ikizidi hutoka machipukizi. Zikikaribiana, hubaki bonge la seli tu. Kinundu chako ni bonge la namna hiyo: seli zimeongezeka, hazijawa mzizi.

Lakini kwa chai, mimi nashuku majivu kuliko unga. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na chai ikiwekwa kwenye udongo usio mchachu hutoa vinundu vikubwa badala ya mizizi. Inataka pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 4.5 hadi 5.5. Awamu ijayo jaza viriba kwa udongo wa chini, ule usio na mboji, bila majivu wala samadi, na upeleke sampuli ikapimwe kabla hujakata hata kijiti kimoja. Tenga viriba vichache usivitie unga kabisa, uone tofauti. Na huyo jirani, muulize udongo wake anauchimba wapi.