Anza na ya kwanza ya Arctic Monkeys
Kaka, umeuliza uanze na albamu gani ya roki, maana magitaa yanakuchosha. Chukua ya kwanza ya bendi ya Arctic Monkeys, ya Januari 2006. Vijana wa Sheffield, Uingereza. Walikuwa wakigawa bure sidii za demo kwenye shoo zao, mashabiki wakazisambaza mtandaoni. Ilipotoka, wiki ya kwanza tu iliuza nakala zaidi ya 360,000 huko kwao.

Mimi ilinishika ndani ya daladala ya Mbagala, foleni imeganda, tumebanana, nikafika kwenye wimbo wa watu wanaomwomba dereva teksi wapakiwe sita. Nikairudia pale pale! Mwimbaji wao, Alex Turner, anaimba mtaa wake kwa lafudhi ya kwao kabisa. Mfuatilie kwanza mpiga dramu, magitaa utayazoea tu.